Tathmini ya Kijiokemia ya Miamba Chanzo katika Bonde la Mandawa, Kusini mwa Pwani ya Tanzania: Nafasi ya Ukomavu katika Kufasiri Fahirisi ya Hidrojeni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna tathmini ya kijiokemia inavyotumika kubaini iwapo miamba chanzo ya bonde la mashapo ina uwezo wa kuzalisha mafuta au gesi asilia, na iwapo uwezo huo ungalipo au umekwisha kutumika. Mfano uliochukuliwa ni Bonde la Mandawa, lililoko kusini mwa pwani ya Tanzania. Hoja kuu ni kwamba fahirisi ya hidrojeni, kipimo kinachotegemewa zaidi katika kutofautisha mwamba wa mafuta na mwamba wa gesi, haiwezi kufasiriwa kwa uhakika kabla ya kujulikana ukomavu wa mwamba husika. Kwa kutumia sampuli mbili za kielelezo, makala yanaonesha kuwa thamani moja ya fahirisi hiyo yaweza kutokana na historia mbili zilizo kinyume. Aidha, yanajadili athari za chumvi, madini ya mfinyanzi na tope la uchorongaji katika usomaji wa vipimo, na yanapendekeza mpangilio wa hatua unaofaa kwa mabonde ya pwani.

Maneno muhimu: miamba chanzo, kerojeni, fahirisi ya hidrojeni, ukomavu, pairolisisi, Bonde la Mandawa

1. Utangulizi

Utafutaji wa mafuta katika pwani ya Tanzania ulianza kwa matumaini ya kupata mafuta, lakini kilichopatikana kwa wingi ni gesi. Katika miaka ya 1950 kampuni za BP na Shell zilichoronga visima katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, na vilevile Mandawa upande wa bara. Mwaka 1974 kampuni ya Agip iligundua gesi asilia Songo Songo, na mwaka 1982 ikaigundua tena Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Tangu mwaka 2010 visima vya bahari ya kina kirefu vimeongeza ugunduzi huo, hata makadirio rasmi ya gesi yote iliyogunduliwa nchini yakafikia zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni kavu: zaidi ya asilimia 95 yake ni methani.

Hata hivyo, dalili za mafuta hazikosekani. Katika kisiwa cha Pemba kuna mvujo wa mafuta katika eneo la Tundaua, na huko Wingayongo, karibu na Mto Rufiji, mchanga uliojitokeza juu ya ardhi umelowa bitumeni. Dalili hizi zinathibitisha kwamba mahali fulani chini ya pwani kuna mwamba uliowahi kutoa mafuta ya maji. Swali linalobaki ni mwamba upi, ulitoa kiasi gani, na kwa nini visima vinakuta gesi.

Majibu mawili yanawezekana. La kwanza ni kwamba miamba chanzo ya pwani kwa sehemu kubwa ilijengwa na mabaki ya mimea ya nchi kavu, ambayo kwa asili yake hutoa gesi. La pili ni kwamba miamba hiyo ilikuwa na uwezo mkubwa wa kutoa mafuta, lakini ilizikwa kwa kina na kupata joto kiasi cha kuyatoa mafuta hayo yote, na baadaye kuyavunja yakawa gesi. Tofauti ya majibu haya si ya kinadharia tu. Ikiwa la kwanza ni sahihi, kutafuta mafuta katika eneo hilo ni kupoteza fedha. Ikiwa la pili ni sahihi, mafuta yatafutwe katika kingo za bonde, ambako mwamba uleule haukuzikwa sana, au katika mitego iliyokuwapo wakati mafuta yalipohama. Kisima kimoja cha bahari ya kina kirefu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola za Marekani. Kwa hiyo jibu linalotolewa na maabara kwa gramu chache za mwamba lina uzito mkubwa.

Makala haya yanalenga kuonesha ni kwa namna gani vipimo vya kijiokemia hutenganisha majibu hayo mawili, na ni wapi vinaposhindwa kufanya hivyo visipopangwa kwa utaratibu unaofaa.

2. Bonde la Mandawa na mfuatano wa miamba yake

Bonde la Mandawa liko kati ya Kilwa na Lindi. Kwa upande wa magharibi linapakana na miamba ya kale ya msingi ya Masasi, kaskazini linapakana na bonde la Rufiji, na kusini na bonde la Ruvuma. Asili yake ni kupasuka kwa bara la kale la Gondwana. Katika kipindi cha Triasiki na mwanzo wa Jurasiki ardhi ilinyooka na kudidimia, yakajitokeza mabonde ya ufa. Baadaye, katika kipindi cha Jurasiki, Madagaska ikaanza kutengana na Afrika na bahari ikafunguka.

Miamba ya zamani zaidi ya mashapo katika bonde hili imewekwa katika Kundi la Pindiro, lenye fomesheni tatu: Mbuo, Nondwa na Mihambia. Fomesheni ya Mbuo iliwekwa zaidi katika mazingira ya nchi kavu na ina miamba ya mfinyanzi na tope. Fomesheni ya Nondwa ina mashapo ya uvukizaji, yaani chumvi mwamba, gipsi na anhidraiti, yaliyoingiliana na tabaka za mwamba wa tope. Iliwekwa wakati maji ya bahari yalipoingia katika bonde jembamba, yakafungiwa, na kukauka mara kwa mara. Kisima cha Mandawa-7 kilipita katika unene mkubwa wa chumvi hiyo. Miamba ya tope ya Mbuo na ya Nondwa ndiyo inayotajwa zaidi katika tafiti kuwa miamba chanzo ya bonde.

Juu ya kundi hilo yapo mashapo ya Jurasiki na Kretasia, yakiwemo yale ya Tendaguru ambako wanasayansi wa Kijerumani walifukua mabaki ya dainosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Mwishoni mwa mfuatano huo liko Kundi la Kilwa, lenye mfinyanzi wa bahari wa Kretasia ya mwisho hadi Paleojini. Mfinyanzi huu ni mashuhuri kwa sababu visukuku vyake vya foraminifera vimehifadhika hata vinang'aa kama kioo, na molekuli za asili ya viumbe zilizomo bado zina maumbo ambayo joto dogo tu lingeyabadili. Maana yake ni kwamba mfinyanzi wa Kilwa haukuwahi kuzikwa kwa kina, na haungeweza kuzalisha mafuta kwa njia ya joto hata kama ungekuwa na mata ogania kwa wingi. Kwa hiyo ndani ya eneo moja mtafiti hukutana na ncha mbili za ukomavu: mfinyanzi mchanga ambao haukuguswa na joto, na chini yake mwamba wa tope wa kale uliopitia historia ndefu ya kuzikwa na kuinuliwa.

3. Maswali matatu ya tathmini

Mwamba chanzo hutathminiwa kwa maswali matatu: una mata ogania kiasi gani, mata hiyo ni ya aina gani, na imepata joto kiasi gani.

*3.1 Wingi wa mata ogania*

Wingi hupimwa kwa jumla ya kaboni ogania, ambayo katika maandishi ya fani hii hufupishwa TOC. Sampuli husagwa, kaboni ya madini ya kaboneti huondolewa kwa asidi hidrokloriki, kisha mabaki huunguzwa na gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka hupimwa. Kwa vigezo vinavyotumiwa na wengi, mwamba wenye TOC chini ya asilimia 0.5 huhesabiwa kuwa maskini, asilimia 0.5 hadi 1 ni wa wastani. Asilimia 1 hadi 2 ni mzuri. Asilimia 2 hadi 4 ni mzuri sana. Na zaidi ya 4 ni bora kabisa.

Kipimo hiki ni cha lazima, lakini hakitoshi. Makaa ya mawe yana kaboni nyingi kuliko mwamba wowote wa tope, na bado makaa mengi hayatoi mafuta. Kinachozalisha mafuta ni kaboni iliyoshikamana na hidrojeni.

*3.2 Aina ya kerojeni*

Kerojeni ni sehemu ya mata ogania isiyoyeyuka katika viyeyushi vya kawaida vya kioganiki. Aina ya I, yenye hidrojeni nyingi zaidi, hutokana hasa na mwani wa maziwani. Aina ya II hutokana na viumbe wadogo wa baharini na hutoa mafuta na gesi. Aina ya III hutokana na mimea ya nchi kavu na hutoa gesi zaidi. Aina ya IV ni mata iliyooksidishwa, isiyo na uwezo wa maana.

Umuhimu wa tofauti hii unaonekana vizuri tukilinganisha pwani na Bonde la Ufa. Miamba chanzo ya maziwa ya kale katika bonde la Ziwa Albert nchini Uganda na la Lokichar nchini Kenya imetoa mafuta yenye nta nyingi, yanayoganda yakiachwa katika joto la kawaida. Kwa sababu hiyo bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa joto. Aina ya kerojeni, basi, huathiri hata uhandisi wa usafirishaji.

Aina hubainishwa kwa pairolisisi ya Rock-Eval, mbinu iliyobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1970. Chini ya gramu moja ya mwamba uliosagwa hupashwa joto pasipo oksijeni. Katika nyuzijoto 300 za Selsiasi hutoka hidrokaboni zilizokwisha kuzalishwa ndani ya mwamba. Hizi hurekodiwa kuwa S1. Kisha joto hupandishwa kwa nyuzi 25 kila dakika, na kerojeni inapovunjika hutoa hidrokaboni mpya, ambazo hurekodiwa kuwa S2. Kaboni dayoksaidi inayotoka katika kerojeni hurekodiwa kuwa S3. Joto ambalo S2 hufikia kilele chake huitwa Tmax. S1, S2 na S3 huelezwa kwa miligramu kwa kila gramu ya mwamba.

Kutokana na vipimo hivyo hukokotolewa fahirisi tatu:

- Fahirisi ya hidrojeni (HI) = S2 × 100 ÷ TOC
- Fahirisi ya oksijeni (OI) = S3 × 100 ÷ TOC
- Fahirisi ya uzalishaji (PI) = S1 ÷ (S1 + S2)

Kwa mwamba ambao haujakomaa, HI ya zaidi ya 600 huashiria aina ya I. 300 hadi 600 aina ya II. 200 hadi 300 mchanganyiko wa II na III. 50 hadi 200 aina ya III. Na chini ya 50 aina ya IV. Maneno "ambao haujakomaa" ndiyo kiini cha makala haya. Mipaka hiyo iliwekwa kwa ajili ya mwamba ambao bado una hidrojeni yake yote. Mwamba uliokwisha kutoa mafuta umetoa pia hidrojeni, na HI yake hushuka hatua kwa hatua kuelekea sifuri, bila kujali ulianza ukiwa aina gani.

*3.3 Ukomavu*

Ukomavu hupimwa kwa njia zaidi ya moja. Tmax ya chini ya nyuzijoto 435 kwa kawaida huashiria mwamba usiokomaa. Kati ya 435 na 445 uzalishaji wa mafuta umeanza. Kati ya 445 na 450 uko kileleni. Kati ya 450 na 470 unaelekea ukingoni. Na zaidi ya 470 mwamba umeshavuka hatua ya mafuta. Njia ya pili ni mwakisiko wa vitriniti, chembe zitokanazo na mbao za kale, ambazo huakisi nuru zaidi kadiri zinavyopata joto. Mwakisiko wa asilimia 0.6 ndio mwanzo wa dirisha la mafuta, na takribani asilimia 1.35 ndio mwisho wake.

Wapo wanaokadiria mwakisiko kutokana na Tmax kwa mlinganyo: mwakisiko = 0.018 × Tmax − 7.16. Kwa Tmax ya 445, jawabu ni asilimia 0.85. Mlinganyo huu ulitokana na mwamba wa Barnett huko Texas, Marekani, wenye kerojeni ya aina ya II isiyo na salfa nyingi. Kuutumia katika bonde lenye mashapo ya uvukizaji bila kuulinganisha na vitriniti halisi ni kuazima nguo isiyokatwa kwa kipimo cha mvaaji.

4. Fahirisi moja, historia mbili

Jedwali la 1 linaonesha sampuli mbili za kielelezo. Si vipimo vya kisima chochote. Zimetungwa ili kufafanua tatizo.

Jedwali la 1: Sampuli mbili za kielelezo zenye HI sawa

| Kipimo | Sampuli A | Sampuli B |
|---|---|---|
| TOC (asilimia) | 3.0 | 3.0 |
| S1 (mg/g) | 0.3 | 2.5 |
| S2 (mg/g) | 4.5 | 4.5 |
| S3 (mg/g) | 1.8 | 0.3 |
| Tmax (nyuzijoto) | 431 | 458 |
| HI | 150 | 150 |
| OI | 60 | 10 |
| PI | 0.06 | 0.36 |

Mtafiti anayetazama TOC na HI pekee ataziita sampuli zote mbili "nzuri sana kwa wingi, aina ya III, za gesi". Kwa sampuli A hukumu hiyo ni ya haki. Tmax na PI zinaonesha kuwa mwamba haujaanza kuzalisha. HI ya 150 ni hali yake ya asili, na OI ya 60 inaafikiana na mabaki ya mimea. Uwezo wake ni mdogo, na hata huo haujatumika.

Sampuli B ina habari nyingine. Tmax ya 458 inauweka mwamba mwishoni mwa dirisha la mafuta, na PI ya 0.36 inaonesha kuwa umezalisha. HI ya 150 hapa ni mabaki. Tuchukulie kwamba mwamba huo ulianza ukiwa wa aina ya II wenye HI ya 500. Kwa kuwa takribani asilimia 83.3 ya uzito wa hidrokaboni ni kaboni, sehemu ya kaboni ogania isiyoweza kugeuka hidrokaboni hupatikana kwa (1 − HI ÷ 1200). Sehemu hiyo haipotei, hivyo ni sawa mwanzo na sasa:

TOC ya mwanzo × (1 − 500 ÷ 1200) = 3.0 × (1 − 150 ÷ 1200)

Jawabu ni TOC ya mwanzo ya asilimia 4.5. Kwa HI ya 500, S2 ya mwanzo ilikuwa miligramu 22.5 kwa gramu. Iliyobaki ni 4.5. Kwa hiyo miligramu 18 kwa kila gramu, sawa na asilimia 80 ya uwezo wote, zimekwisha kuzalishwa.

Kiasi hicho si kidogo. Ikiwa mwamba una unene wa mita 50 na msongamano wa tani 2.4 kwa mita ya ujazo, kila kilomita ya mraba ina tani milioni 120 za mwamba, na hivyo imezalisha takribani tani milioni 2.16 za hidrokaboni. Sehemu kubwa ya hizo hubaki ndani ya mwamba wenyewe au hupotea njiani. Lakini hata sehemu ndogo ikikusanywa kutoka eneo pana na kunaswa, yaweza kujaza hifadhi yenye faida. Sampuli A, yenye HI ileile, haijatoa chochote cha kunaswa.

Ni lazima kukiri kwamba HI ya 500 iliyotumika hapo juu ni dhana. Kama ingechukuliwa 300, jawabu lingekuwa TOC ya mwanzo ya asilimia 3.5, S2 ya mwanzo ya miligramu 10.5, na kiasi kilichozalishwa miligramu 6 tu kwa gramu, yaani theluthi ya makadirio ya kwanza. Dhana ya HI ya mwanzo ndiyo inayotawala matokeo, na haiwezi kutolewa na sampuli iliyokomaa yenyewe. Hutafutwa kwa njia mbili: kupima mwamba wa fomesheni ileile mahali ambapo haukuzikwa sana, na kuchunguza kerojeni kwa hadubini ili kutambua mabaki ya mwani, spora na mbao. Katika Bonde la Mandawa njia ya kwanza inahitaji visima vya kingo za bonde, ambako Kundi la Pindiro liko karibu zaidi na uso wa ardhi.

5. Mambo yanayopotosha vipimo

*5.1 Chumvi*

Chumvi ya Nondwa huathiri ukomavu wenyewe. Chumvi mwamba hupitisha joto mara mbili hadi tatu zaidi ya mwamba wa tope. Penye nguzo nene ya chumvi, joto la ndani ya dunia hupanda upesi. Mwamba ulio chini ya chumvi hubaki baridi kuliko kina chake kinavyoashiria, na ule ulio juu ya kilele chake hupata joto zaidi. Kwa hiyo modeli ya historia ya joto inayotumia mwinuko mmoja wa joto kwa bonde zima itaipa Fomesheni ya Mbuo ukomavu mkubwa kuliko ule halisi mahali ilipofunikwa na chumvi, na huenda ikaifuta katika orodha ya miamba ambayo bado imo ndani ya dirisha la mafuta.

Athari ya pili ni ya kikemia na huelekea upande mwingine. Katika maji ya chumvi nyingi yasiyo na oksijeni wala chuma cha kutosha, salfa huingia ndani ya kerojeni. Vifungo vya salfa na kaboni ni dhaifu kuliko vya kaboni na kaboni, hivyo kerojeni yenye salfa nyingi huanza kutoa mafuta katika joto dogo zaidi. Kwa kerojeni ya namna hiyo Tmax ya chini ya 435 si uthibitisho kwamba mwamba haujaanza kuzalisha. Kupima salfa ya kerojeni katika tabaka za tope za Nondwa ni jambo la lazima kabla ya kutumia mipaka ya kawaida ya Tmax.

*5.2 Madini ya mfinyanzi*

Wakati wa pairolisisi, madini ya mfinyanzi hunasa sehemu ya hidrokaboni zinazotoka. Katika mwamba wenye mata ogania kidogo, sehemu inayonaswa ni kubwa ikilinganishwa na jumla, S2 husomeka chini ya ilivyo, na kerojeni ya aina ya II huonekana kuwa ya III. Dawa yake ni kuchora S2 dhidi ya TOC kwa sampuli nyingi za fomesheni moja. Mteremko wa mstari, ukizidishwa kwa 100, hutoa HI halisi ya kerojeni inayozalisha. Na mahali mstari unapokata mhimili wa TOC huonesha kaboni isiyochangia au athari ya kunaswa. Wastani wa HI za sampuli mojamoja hauwezi kuchukua nafasi ya mchoro huu.

*5.3 Uchorongaji na uhifadhi*

Sampuli nyingi za visima ni vipande vinavyoletwa juu na tope la uchorongaji. Vipande vya tabaka za juu huporomoka na kuchanganyika na vya chini. Katika Mandawa, mfinyanzi usiokomaa ukiporomokea mwamba wa kale hushusha Tmax. Tope lenye mafuta au viungo vya kioganiki hupandisha S1 na TOC. Dalili ya uchafuzi ni PI kubwa katika mwamba wenye Tmax ndogo. Sampuli za namna hiyo zichujwe kwa kiyeyushi na kupimwa upya, na S2 yenye chini ya miligramu 0.2 kwa gramu isitumiwe kusoma Tmax.

Vipande vya visima vya zamani vilivyokaa ghalani kwa miongo kadhaa vimepoteza hidrokaboni nyepesi. S1 yake haiaminiki tena, na kwa hiyo PI pia. S2 na Tmax hustahimili zaidi. Vilevile, mwamba uliojitokeza juu ya ardhi na kupigwa na jua na mvua hupoteza hidrojeni na kuongezeka oksijeni, na huonekana maskini kuliko ulivyo chini.

6. Kuoanisha mwamba na kilichopatikana

Tathmini haijakamilika mpaka mwamba unaodhaniwa kuwa chanzo uhusishwe na mafuta au gesi yenyewe. Kwa mafuta, nyenzo kuu ni biomaka, yaani molekuli zinazohifadhi umbo la viumbe zilikotoka, ambazo hupimwa kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Bitumeni ya Wingayongo imekaa karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo bakteria hula kwanza alkani nyoofu. Kwa sababu hiyo ulinganisho utegemee hopani na sterani, zinazostahimili zaidi.

Biomaka mbili zinafaa hasa kwa pwani hii. Gamaserani nyingi huashiria maji yaliyojipanga kwa matabaka kutokana na chumvi. Ikionekana katika mvujo, huelekeza Nondwa au mazingira yanayofanana nayo. Oleanani hutokana na mimea itoayo maua, iliyoenea kuanzia Kretasia. Ikionekana kwa wingi katika mafuta, chanzo chake hakiwezi kuwa mwamba wa Triasiki au wa Jurasiki ya mwanzo pekee. Kukosekana kwa oleanani, hata hivyo, hakuthibitishi kinyume chake, maana mwamba wa baharini wa Kretasia ulio mbali na nchi kavu waweza kukosa mabaki hayo.

Kwa gesi kavu biomaka hazipo, na mtafiti hutegemea isotopu za kaboni. Methani ya bakteria kwa kawaida huwa na thamani ya kaboni-13 iliyo chini ya −60 kwa elfu, na ya joto huwa juu ya −50. Isotopu za ethani na propani, hata zikiwa kidogo, zina thamani zaidi katika swali lililoulizwa mwanzoni, kwa kuwa husaidia kutenganisha gesi iliyotoka moja kwa moja katika kerojeni na ile iliyotokana na kuvunjika kwa mafuta. Kwa hiyo ukavu wa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay peke yake si ushahidi kwamba kerojeni iliyoitoa ilikuwa ya aina ya III.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba wingi, aina na ukomavu si maswali matatu yanayoweza kujibiwa kila moja kivyake. HI ndogo katika mwamba uliokomaa ni mabaki ya uzalishaji, na kuiita ushahidi wa kerojeni ya gesi ni kugeuza matokeo kuwa chanzo. Katika Bonde la Mandawa hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu chumvi imeharibu uhusiano wa kawaida kati ya kina na joto, na kwa sababu sampuli nyingi ni vipande vya uchorongaji vya umri na ubora tofauti.

Kwa tathmini zijazo za bonde hili inapendekezwa kwamba:

(a) ukomavu uthibitishwe kwa angalau vipimo viwili visivyotegemeana, kama vile Tmax na mwakisiko wa vitriniti, kabla ya aina ya kerojeni kutajwa;

(b) HI ielezwe kwa mchoro wa S2 dhidi ya TOC kwa kila fomesheni, na HI ya mwanzo itolewe kwa kiwango cha chini na cha juu, si kwa namba moja;

(c) salfa ya kerojeni ipimwe katika tabaka za tope za Nondwa, na modeli za joto zizingatie unene wa chumvi mahali kwa mahali;

(d) mivujo ya Wingayongo na Tundaua ioanishwe na miamba ya Mbuo na Nondwa kwa biomaka zinazostahimili bakteria, na gesi ioanishwe kwa isotopu za ethani na propani.

Mpaka hatua hizo zitakapokamilika, kauli kwamba pwani ya kusini ni eneo la gesi pekee ichukuliwe kuwa maelezo ya kilichopatikana kufikia sasa. Uwezo wa asili wa miamba chanzo yake ni jambo la kuthibitishwa kwa vipimo.